Gari la Maksai na Daftari la Ubatizo

Robert Arthington wa Leeds hakuwahi kuiona Afrika. Alikuwa tajiri wa kurithi aliyeishi kikapera na kimaskini, na watu wa mjini kwake walimwita bahili. Bahili huyo ndiye aliyeiandikia London Missionary Society akijitolea pauni 5,000, na mwaka 1876 shirika hilo, yaani LMS, likazipokea. Masharti yake yalikuwa wazi: misheni ianzishwe Ujiji, na chombo cha mvuke kielee katika Ziwa Tanganyika.

Mtu wa miradi wa leo atajiona yuko nyumbani. Mfadhili yuko mbali, eneo la utekelezaji ameshalitia alama kwenye ramani, na ana kifaa anachokipenda hata kabla ya kuuliza barabara ikoje. Kati ya Saadani na Ujiji kulikuwa na zaidi ya kilomita 1,200 za njia ya miguu, na Tabora ilikuwa katikati yake, njia panda ya misafara iendayo Ujiji na ile iendayo Karagwe na Buganda. Misheni ya Kiingereza ya Urambo, magharibi mwa Tabora, ilitokana na pauni hizo 5,000, ingawa Urambo haikuwamo katika andiko la mwanzo.

Utekelezaji alikabidhiwa Roger Price. Hakuwa mgeni wa misiba ya kazi hii. Mwaka 1860 huko Linyanti, kwa Wakololo, misheni aliyokuwamo ilikufa karibu yote kwa homa, naye akamzika mtoto wake, kisha mkewe njiani wakirudi. Alipona, akaendelea na kazi kusini mwa Afrika, na kusini mwa Afrika mizigo ilikwenda kwa magari ya kukokotwa na maksai. Kwa hiyo alipoulizwa mzigo utafikaje Ujiji, jibu alikuwa nalo tangu zamani.

Asilaumiwe kwamba hakujaribu. Mwaka 1876 alitoka Saadani na maksai wachache hadi Mpwapwa, akarudi nao wazima. Akaenda London na habari njema: njia inapitika, mbung'o si tishio, wapagazi na usumbufu wao wanaweza kuwekwa kando. Wakurugenzi walifurahi, na nani asingefurahi? Jaribio lilikuwa limefaulu. Ila lilikuwa fupi. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, haiui siku mdudu anapouma. Mnyama huendelea kula na kuvuta, kisha baada ya wiki kadhaa hukonda, machozi yakamtoka, akalala asiinuke. Safari ya haraka ya kwenda na kurudi inaweza kwisha ugonjwa haujajionyesha. Wakati huo hakuna aliyejua vizuri uhusiano wa mdudu na ugonjwa. David Bruce alikuja kuuonyesha huko Zululand katikati ya miaka ya 1890, karibu miaka 20 baadaye.

Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaondoka Saadani: Price, J. B. Thomson, nahodha Edward Hore, Arthur Dodgshun, Walter Hutley na Elbert Clarke, pamoja na magari na maksai wao. Magari yalinasa matopeni, miti ikabidi ikatwe ili yapite, na maksai wakaanza kuanguka. Si mmoja wala wawili, walikwisha. Price akarudishwa Uingereza kueleza kilichotokea, akashauri vijengwe vituo vidogo vidogo kutoka pwani kwenda bara, hatua kwa hatua. Wakubwa hawakulipenda wazo hilo, kwa sababu mfadhili alitaka ziwa, si vituo. Thomson na Hore wakafika Ujiji Agosti 1878 mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Thomson alikufa mwezi uliofuata. Dodgshun, aliyebaki nyuma na mizigo, alifika Machi 1879 akafa ndani ya wiki moja hivi.

Kinachonishangaza katika habari hii si vifo. Njia ile ilikuwa inaua wenyeji na wageni, na kila aliyeishika alijua. Kinachonishangaza ni kwamba chombo cha usafirishaji kilikuwapo tayari, mbele ya macho yao, na kilikuwa kimefanya kazi kwa miongo mingi. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani tangu mwanzoni mwa karne ile. Kijana asiyefika pwani alihesabiwa hajakua. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na kitu kisichogawanyika kilifungwa kwenye mti kikachukuliwa na watu wawili mzigaziga. Kirangozi alitangulia, akijua kisima kipi kina maji mwezi gani. Posho ilipimwa kwa kibaba au kwa mikono ya nguo. Hongo ya Ugogo ilijulikana, ikabishaniwa, ikalipwa. Na mambo mengi yalipangwa na majira: wapagazi walitaka kuwa kwao mvua zikianza, walime. Msafara uliodharau hilo ulijikuta umelala kambini na mizigo bila mabega.

Mzungu aliita hayo usumbufu. Mimi nayaita mfumo, tena wenye bei, mikataba, adhabu na vituo vya kupumzikia, bila mtu kuukalia kikao London.

Wala LMS hawakuwa peke yao. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo 4 waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani, wakaongozwa bara na Frederick Carter ili tembo wachukue nafasi ya wapagazi. Karema, ng'ambo ya Ugogo na Unyamwezi, alifika tembo mmoja tu, naye akafa muda mfupi baadaye. Miaka michache baadaye akaja mke wa nahodha Hore, Annie, pamoja na mtoto wao mdogo, katika kiti cha magurudumu cha wagonjwa cha Kiingereza. Mpaka Ujiji, siku 90, kiti kile kilikwenda kwa mabega ya watu zaidi kuliko kwa magurudumu yake. Mama yule aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikachapwa mwaka 1886, na kichwa chake chenyewe kinakitaja kiti. Hata boti ya chuma ya LMS, Morning Star, iliyoshushwa ziwani mwaka 1883, ilitoka pwani vipande vipande kwa nguvu za watu. Chombo cha mvuke cha Arthington, Good News, kilikuja kupata maji mwaka 1885, lakini kiliingizwa kwa njia ya Ziwa Nyasa, na ni mafundi wangapi waliozikwa kabla hakijawashwa ni hesabu ya kuhuzunisha.

Sasa tuje Urambo. Mwaka 1879 LMS walimtuma katibu wao mkuu wa kazi za nje, Dk. Joseph Mullens, aende mwenyewe akanyooshe mambo. Mkubwa wa makao makuu akaingia njiani mwezi Juni, na Julai akazikwa huko Mpwapwa. Aliyekuwa naye, Dk. Ebenezer Southon, akaendelea, na Agosti akafika kwa Mirambo.

Mirambo naye alikuwa na mradi wake. Waandishi wengi wa habari za misheni hupita hapa haraka, wakimtaja mtemi kama mwenyeji mkarimu au kama jambazi, kwa kutegemea mwaka. Alikuwa mtawala aliyeiunganisha sehemu kubwa ya Unyamwezi magharibi kwa vita, aliyegombana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871 juu ya njia na ushuru wake, na aliyejua kwamba Tabora ina mlango wa Zanzibar na yeye hana. Mzungu mmoja mwenye dawa, mwenye kalamu, mwenye kuandikiana na Balozi John Kirk wa Uingereza, alikuwa mlango. Southon alidhani amepewa kilima ili ahubiri. Mirambo alimpa kilima ili barua zitoke.

Na barua zilitoka. Southon alitibu watu, akajenga, akaandika. Mwaka 1880 aliandikia wakubwa wake maelezo marefu ya historia ya nchi ya Unyamwezi, watu wake na mtemi wake, na wanahistoria wamekuwa wakiyachota hadi leo. Norman Bennett alipoandika juu ya Mirambo miaka ya 1970 aliegemea sana maandishi ya wamisionari hao, na J. B. Kabeya akatuandikia Mtemi Mirambo kwa Kiswahili. Juni mwaka huo wa 1880 mambo yakaharibika. Carter, yule wa tembo, na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe katika vita ambamo majeshi ya Mirambo yalihusika. Southon akajikuta katikati, akimwandikia balozi kumtetea mwenyeji wake, huku mlango ambao Mirambo aliutegemea ukifungwa.

Mwaka 1882 bunduki iliyokuwa mikononi mwa mtumishi ilifyatuka bahati mbaya ikamvunja Southon mkono. Daktari pekee wa maeneo yale alikuwa mgonjwa mwenyewe. Copplestone wa CMS, shirika jingine la misheni la Kiingereza, aliyekuwa na kituo Uyui karibu na Tabora na ambaye hakuwa daktari, alimkata mkono huku Southon akimwelekeza. Haikutosha, na mwezi Julai akafa. Mirambo akafuata Desemba 1884, na dola yake ikasambaratika. Misheni ilibaki imekaa kilimani bila dola iliyoialika. Waliomfuata Southon walikaa, wakazeeka, wakaondoka. Urambo sasa ilikuwa upande wa Wajerumani, na vituo vingine vya LMS vilikuwa mbali kusini ya ziwa upande wa Waingereza; mwaka 1898 LMS wakaikabidhi Urambo kwa Wamoraviani wa Ujerumani.

Nenda kaulize nini kimebaki cha miaka hiyo 19. Karatasi zimebaki, tena nyingi. Ziko London, katika maktaba ya SOAS, zimepangwa katika masanduku kwa mwaka na kituo. Ni karatasi nzuri. Lakini ukizisoma kwa jicho la mtu aliyewahi kuandika ripoti ya robo mwaka utaisikia sauti unayoijua: mvua ijayo mambo yatakuwa mazuri, watu wanaonyesha hamu, tunaomba bidhaa zaidi na mtu mmoja wa kuongezwa. Zimeandikwa kwa ajili ya mtoaji. Mpagazi yumo kama idadi, mwanamke wa Urambo hayumo kabisa, isipokuwa akiugua.

Kuna aina nyingine ya karatasi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni daftari la ubatizo, ndoa na mazishi.

Waingereza hupenda kusimulia kwamba kanisa lao la kijijini lina daftari tangu siku za kale, kana kwamba lilizaliwa nalo. Sivyo. Nalo lilikuwa mradi, tena wa serikali. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili kasisi aandike mbele ya wazee wa kanisa waliobatizwa, waliooana na waliozikwa wiki ile. Kitabu kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee. Asiyeandika atozwe shilingi 3 na peni 4, na fedha hiyo itengeneze kanisa. Watu walinong'ona kwamba hii ni mbinu ya kuja kutoza kodi kwa kila mtoto na kila maiti, mnong'ono ambao ofisa yeyote wa sensa wa Tabora anaufahamu. Parokia nyingi zilichelewa, au ziliandika kwenye vipande vya karatasi vikaoza.

Baada ya miaka 60, mwaka 1598, ikaagizwa upya: ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Agizo likasema yanakiliwe tangu mwanzo, hasa tangu mwaka wa kwanza wa Malkia Elizabeth. Neno hilo “hasa” likawa mwanya. Makasisi wengi wakaanzia hapohapo, wakaacha ya nyuma yapotee, na ndiyo sababu madaftari mengi ya Uingereza yanaanza mwaka 1558 badala ya 1538. Agizo la mfalme, kitisho cha faini, na bado miaka 20 ilipotea kwa sababu ya mtu mmoja mmoja aliyechoka kunakili.

Upande wetu daftari liliingia kwa mkono wa watu walioamini sana uandishi. Mapadre Weupe walipita Tabora mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu, mmoja wao, Padre Pascal, akiwa amezikwa njiani. Lavigerie, mwanzilishi wao, aliamuru kila kituo kiwe na kitabu cha matukio ya kila siku, na kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka 4 ya mafundisho. Utaratibu huo wa miaka 4 ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Walikuwa Tabora, kisha Kipalapala, wakilea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 wakafungasha kwa sababu ya uhasama wa mtemi wa hapo, Isike, na vurugu za pwani, na mwaka 1891 wakaanza upya Ushirombo. Wamoraviani nao walikuwa na desturi ya zamani ya kuandika shajara za kituo na maisha ya waumini, na kupeleka Herrnhut, Ujerumani. Mmoja wao, Edmund Dahl, alikusanya kamusi ya Kinyamwezi iliyochapwa mwaka 1915, vita vikiwa vimeshapamba moto.

Matokeo yake ni kwamba mtu anayetaka kuandika historia ya Tabora ya karne ya 19 anahitaji viza tatu: London, Herrnhut na Rumi. Shajara zilisafiri. Daftari la ubatizo halikusafiri, kwa sababu lilikuwa likitumika.

Litazame kwa karibu. Ni kitabu kipana, mgongo wake umeshonwa upya kwa kitambaa, pembe zimekuwa kahawia kwa vidole. Mistari imepigwa kutoka kushoto hadi kulia: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la nyumbani, baba, mama, mahali, msimamizi, sahihi ya aliyebatiza. Katika madaftari ya zamani ya Kikatoliki vichwa vya safu ni Kilatini na majina ni ya Kinyamwezi, yaliyoandikwa jinsi sikio la Mfaransa au Mholanzi lilivyoyapokea. Pembeni kuna nafasi tupu, na humo ndimo maisha yalimoingia baadaye kwa wino tofauti: kipaimara mwaka fulani, ndoa parokia fulani, na mwishoni msalaba mdogo. Mtu mmoja, mistari miwili, miaka 70. Hakuna tathmini ya mradi niliyowahi kuisoma iliyomfuata mnufaika muda huo wote.

Mwaka 1916 ulipima karatasi hizi. Septemba Wabelgiji waliingia Tabora, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na makanisa ya Kimoraviani ya Urambo, Sikonge, Kitunda na kwingineko yakabaki mikononi mwa wainjilisti na wazee wa hapahapa, mpaka wageni wengine, hasa Wadenmaki, walipokuja kushika nafasi miaka ya 1920. Makao makuu hayakuwa na mawasiliano, mishahara haikuja. Ibada ziliendelea. Hicho ndicho kipimo ambacho Price na maksai wake hawakukifikia: mwenye mradi akiondoka ghafla, nani anafungua mlango Jumapili? Miaka 50 baada ya mwaka ule, Teofilo Kisanji akawa askofu wa Kimoraviani, na leo jina lake liko juu ya lango la chuo kikuu Mbeya.

Sitaki kuyapamba sana madaftari. Yaliandikwa na watu wenye upendeleo wao. Aliyekataa ubatizo hayumo, Mwislamu wa Tabora hayumo, mke wa pili hayumo. Wala mapadre hawakuona mbali kuliko watu wengine wa miradi. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vituo vilivyokuwa vimepangwa kwa kufuata njia ya misafara vilijikuta pembeni, kama ambavyo kirangozi alijikuta hana kazi.

Halafu London ikarudi Urambo mara ya pili, safari hii ikitafuta mafuta ya kula. Mwaka 1946 timu ya John Wakefield ilizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, ikarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari 3,210,000. Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Itazame ramani: Kongwa iko jirani na Mpwapwa, palepale maksai wa Price walipojaribiwa. Mbio za kwanza zilianzia hapo, kwa matrekta chakavu ya baada ya vita na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa sakafu, na karanga haiwezi kung'olewa sakafuni. Mvua nazo hazikusoma mpango. Urambo ilikuwa na mvua afadhali, lakini ilikuwa na miombo, mbung'o na upungufu wa watu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, ikafuta kama pauni milioni 36.

Wanyamwezi walikuwa wanalima karanga. Kwa jembe, pamoja na mahindi na mihogo, kiasi cha familia na cha kuuza kidogo. Timu ya wiki 9 ingeweza kumuuliza mama yeyote wa Urambo kwa nini halimi shamba kubwa la karanga peke yake. Mashamba yaliyobaki yalikuja kugawanywa, tumbaku ikachukua nafasi, na tumbaku ndiyo inayolipa ada za shule Urambo hadi sasa, pamoja na kilio chake cha kila msimu kwenye vyama vya msingi juu ya madaraja, makato na miti inayokatwa kukaushia.

Upungufu ule wa watu haukuwa wa asili. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji vingi vya magharibi ikaviweka pamoja kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa tena. Ukisoma safu ya “mahali” katika daftari la ubatizo utapita kwenye gunguli, yaani eneo la kijiji, baada ya gunguli ambalo leo ni pori au hifadhi ya nyuki. Ofisi ya ardhi ina ramani za kilichopangwa. Mahali watu walipokuwa wanaishi kabla ya kupangwa pameandikwa na katekista, kwa sababu alihitaji kujua pa kumtafuta mtoto.

Siku hizi daftari lina kazi ambayo hakuna padre wa 1891 aliyeifikiria. Anayetaka cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima lazima apeleke vielelezo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha ubatizo ni kimojawapo. Kwa hiyo asubuhi ya ofisi ya parokia huwa namna hii:

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Karibu baba.”

“Nimemleta mama yangu mkubwa, wanamtaka tarehe ya kuzaliwa. Yeye anasema alizaliwa mwaka wa nzige.”

“Shikamoo mama. Ulibatizwa jina gani? Na msimamizi wako alikuwa nani?”

Bibi hakumbuki mwaka, lakini msimamizi anamkumbuka mpaka ukoo wake. Karani anafungua kabati, analiweka daftari mezani, kidole kinashuka safu ya wasimamizi, si ya tarehe. Kinashuka, kinapinduka ukurasa, kinasimama.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta ni kama asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini waliokuwa wamesajiliwa. Sheria ilikuwapo tangu ukoloni, ofisi zilikuwapo wilayani, ada ilikuwapo pia. Mwaka 2013 RITA ilianzia Mbeya mpango wa kuwasajili watoto hao bure, katika vituo vya afya na ofisi za kata, mahali ambapo mama anakwenda kwa ajili ya chanjo hata hivyo. Usajili ukapanda kwa kasi, na mpango ukapelekwa mikoa mingine. Ni njia ileile ya daftari la parokia: karani alikaa pale ambapo mtoto angeletwa kwa sababu nyingine.

Mpango wa kupiga picha madaftari ya zamani na kuyaweka kwenye kompyuta huzungumzwa mara kwa mara, na mimi nauunga mkono. Mchwa wa Tabora hawasomi Kilatini, lakini wanakula kila lugha. Ninachotaka kuona kwenye andiko ni vifungu ambavyo huwa vya kwanza kukatwa: kabati la chuma, posho ya karani anayejua kwamba Misozi wa ukurasa huu ni Msozi wa ukurasa ule, na nakala ya pili iliyo ndani ya mkoa. Hilo la nakala si jipya. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke nakala kwa askofu; ile ya mwaka 1983 haikulirudia sharti hilo, na palipoachwa kunakiliwa, daftari limebaki moja, kabati moja, paa moja. Gharama ya kurudisha desturi hiyo ni rimu za karatasi na kijana mwenye mwandiko mzuri, kiasi kidogo mno hivi kwamba hakuna mfadhili atakayekigusa. Itabidi fedha zitoke kwenye sadaka, na kamati ya fedha ya parokia iambiwe kabla ya bajeti ya Januari.